Etomideti na deni la kortisoli: mwongozo kwa zamu ya kasualti

Simu ya ICU iliniingilia saa tatu asubuhi, nishavua sare, nimesimama kwenye foleni ya feri narudi Likoni. "Kaka, yule mzee wa usiku mlimlaza kwa dawa gani? Noradrenalini naipandisha tu, presha haishiki." Nikamwambia etomideti, dawa ya usingizi ya sindano. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mbona kwenye faili hakuna?" Kwenye faili nilikuwa nimeandika mstari mmoja tu, kwamba mrija umeingia na mgonjwa ametulia. Ampuli yenyewe ilishatupwa kwenye boksi la sindano.

Mwongozo huu umetokana na aibu ile. Nauandikia wenzangu wa kasualti na wa usingizi hapa Mombasa: daktari wa zamu, klinikofisa, nesi anayevuta dawa kwenye sirinji huku watu wanapigiana kelele. Kuweka mrija wa hewa hakufundishwi kwa maandishi, kwa hivyo sitajaribu. Nazungumzia jambo moja: dawa ya usingizi unayompa mgonjwa sekunde chache kabla ya mrija inaweza kumzimia homoni zinazomshikilia, na wewe usione kitu, kwa sababu madhara yenyewe hujitokeza zamu yako ishakwisha.

Kabla ya hatua zenyewe: etomideti hufanya nini

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo ya adrenali. Humo ndimo inamotoka kortisoli, homoni inayoshikilia presha na sukari mwili unapokuwa taabani. Mgonjwa wa sepsisi, yaani maambukizi yaliyouzidi mwili nguvu, au wa ajali kubwa anaishi kwa kortisoli kama dau linavyoishi kwa tanga.

Kuitengeneza kortisoli kunahitaji kimeng'enya kinachoitwa 11-beta-haidroksilesi, na hicho ndicho etomideti inachokibana. Ndani ya molekuli yake kuna pete ya imidazoli, na naitrojeni ya pete hiyo hung'ang'ania chuma kilicho ndani ya kimeng'enya. Malighafi inarundikana, kortisoli haitoki, na aldosteroni nayo inapungua. Ukitaka kukumbuka kwa urahisi, kumbuka ketokonazoli, dawa ya fangasi. Ni ukoo mmoja, na yenyewe hubana homoni hizo hizo. Madaktari wa homoni wameligeuza kosa hili kuwa tiba: mgonjwa wa Cushing aliyezidiwa, ambaye kortisoli imemfurika, huwekewa dripu ya etomideti ya dozi ndogo mno, isiyofika hata ya kumlaza, na kortisoli inashuka.

Shikilia hapo kwenye "isiyofika hata ya kumlaza", kwa sababu kuna kosa nimelisikia mara nyingi. Mtu anasema: "Nampa nusu dozi ili nisimuumize adrenali." Haisaidii. Tezi hubanwa kwa kiwango kilicho chini sana ya kile kinacholeta usingizi. Ukimpa nusu, tezi imebanwa vilevile na juu ya hapo mgonjwa hajalala vizuri. Ukishaamua kutumia etomideti, mpe dozi yake.

Dawa hii ilitoka kwenye maabara za Janssen, Ubelgiji, miaka ya 1960, ikaanza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1972, na watu waliipenda kwa sababu presha haitikisiki. Halafu mwaka 1983 Ledingham na Watt wa Glasgow wakaandika kwamba kati ya wagonjwa wao wa majeraha waliokuwa kwenye mashine ya kupumua, vifo vilikuwa asilimia 28 kwa waliotulizwa kwa mofini, na asilimia 77 kwa waliotulizwa kwa dripu ya etomideti. Mwaka uliofuata ikathibitishwa kwamba dawa inazima utengenezaji wa homoni kwenye adrenali. Tangu hapo dripu ya etomideti ya kulaza wagonjwa ICU ikaachwa. Iliyobaki ni dozi moja ya kuwekea mrija, na juu ya dozi hiyo moja watu wanabishana hadi leo.

Usingizi wa dozi moja unakwisha baada ya dakika 5 hadi 15. Tezi inaendelea kubanwa kwa saa 24 hivi, na kwa mgonjwa mahututi hufika saa 48 au kupita. Ni kama kuchukua unga dukani kwa daftari: wewe umekula leo, jina lililoandikwa ni la mgonjwa.

Hatua ya 1: Jiulize kama mrija ni wa sasa hivi

Wapo ambao hawasubiri. Amekatika pumzi, damu imejaa mdomoni, shingo inavimba. Hao endelea nao.

Wengi wa waliobaki wana dakika kumi, na dakika kumi zikitumiwa vizuri zinakuondolea sababu ya kuitamani etomideti. Kwa kweli watu huikimbilia kwa kuogopa presha, basi ishughulikie presha kwanza. Gawanya mapigo ya moyo kwa namba ya juu ya kipimo cha presha. Mapigo 120 kwa presha 90 ni 1.3. Ikipita 0.9, jua huyu atakuangukia ukishampa dawa yoyote ya usingizi, ukipenda ketamini ukipenda nyingine.

Mpe maji kwa kipimo. Sisi wa Pwani hatuna kisingizio cha kumwaga dripu bila kuangalia. Majirani zetu wa Kilifi walikuwemo kwenye utafiti mkubwa wa watoto wa Kenya, Uganda na Tanzania uliochapishwa mwaka 2011, ambapo watoto wenye homa kali na dalili za shoki (damu kutofika vizuri viungoni) waliomiminiwa maji haraka walikufa zaidi ya wasiomiminiwa. Kwa hivyo mpe, sikiliza kifua, tazama presha, ndipo uongeze. Kama haipandi, anzisha noradrenalini kwenye mshipa mnene wa mkono na mtu mmoja akae anautazama mkono huo, maana ikivuja nje ya mshipa inaozesha nyama. Usisubiri laini ya shingoni.

Andaa pia adrenalini ya kusukuma kwa mkono. Ampuli ya miligramu 1 tia kwenye mfuko wa saline wa mililita 100. Kila mililita sasa ina maikrogramu 10. Vuta sirinji ya mililita 10, bandika lebo, iweke upande wako. Presha ikiporomoka wakati wa mrija, sukuma mililita nusu hadi mbili, rudia baada ya dakika mbili tatu. Lebo ni lazima, kwa sababu sirinji tano za maji meupe juu ya trei moja zinafanana kama mapacha.

Hatua ya 2: Ulizia steroidi, na uulize kwa Kiswahili cha watu

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na haigharimu hata shilingi. Steroidi ni dawa zinazoiga kortisoli, na tezi ikizizoea huacha kuitengeneza yenyewe.

Yule mzee wangu tulimuuliza mkewe: "Mama, anatumia dawa za steroidi?" Mama akasema hapana, na tukaandika hapana. Kesho yake jioni nikarudi kumuona nikamkuta amekaa kwenye benchi nje ya ICU na mfuko wa plastiki mapajani. Nikamwamkia, nikaketi, nikauliza vingine: "Mama, magoti ya mzee mnayatuliza kwa nini?" Akafungua mfuko. "Ni hizi, mwanangu. Hizi nyeupe ndogo. Akimeza tu anatembea mpaka msikitini. Tunanunua hapo dukani, mwaka wa pili sasa." Zilikuwa prednisoloni za miligramu 5, steroidi yenyewe. Mtu aliyemeza hizo miaka miwili, tezi zake zishalala. Zikija kuhitajika usiku wa sepsisi haziamki, na mimi nikaja juu yake na etomideti.

Kwa hivyo usiulize jina la kundi la dawa. Uliza hivi:

Kuna vidonge anameza vya magoti, mgongo, pumu au vya kumtia hamu ya kula? Watu hununua deksamethasoni ili wanenepe. Kuna krimu ya kung'arisha ngozi? Mkorogo mwingi una klobetasoli, na ikipakwa mwili mzima kwa miezi inapenya hadi kwenye damu. Swali hili liulize faraghani. Dada mtu mzima hatakujibu mbele ya wifi zake. Anavuta dawa ya pumu yenye steroidi huku anakunywa ARV zenye ritonaviri? Ritonaviri huizuia ini kuivunja ile steroidi, ikajaa mwilini na kulaza tezi. Amewahi kuugua TB, au yuko kwenye dawa zake? TB yenyewe hula adrenali, na rifampisini huharakisha kuvunjwa kwa kortisoli. Anameza dawa za fangasi za dozi kubwa? Na anatumia unga, au yuko kwenye methadoni? Opioidi za muda mrefu huushusha mnyororo mzima wa homoni kuanzia kwenye ubongo. Mji wetu tunaujua, usione haya kuuliza. Ila uliza bila kumtolea macho.

Jibu moja la "ndiyo" hapo linatosha kuirudisha ampuli ya etomideti kabatini. Na jamaa wakija na mfuko wa dawa, mwage wote mezani uangalie mwenyewe.

Hatua ya 3: Chagua dawa

Mimi naanzia ketamini. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu miaka ya 1980, imejaa kwenye makabati yetu kuanzia hospitali ya rufaa hadi theta ndogo za kaunti, mkono wetu umeizoea, na adrenali haiigusi. Mgonjwa wa sepsisi, mtu wa steroidi, mtoto mwenye maambukizi makali, mwenye pumu iliyombana: ketamini. Kwa mtoto mwenye sepsisi etomideti usiifikirie kabisa.

Lakini nisikudanganye kwamba ushahidi uko upande mmoja. Wafaransa wakiongozwa na Patricia Jabre walilinganisha dawa hizi mbili mwaka 2009. Waliopewa etomideti, asilimia 86 tezi zao zilikuwa zimepungukiwa. Waliopewa ketamini, asilimia 48. Hiyo 48 itazame vizuri: karibu nusu ya mahututi tezi zao zinakuwa zimechoka hata bila etomideti. Na pamoja na tofauti hiyo kubwa, vifo vya siku 28 havikutofautiana kwa kiasi cha kutolea hukumu. Mwaka 2022, utafiti wa Dallas wenye wagonjwa 801 ukaonyesha waliopewa ketamini walikuwa hai zaidi siku ya 7, ila kufikia siku ya 28 pengo lile likawa limefifia. Kisha mwishoni mwa 2025 ukaja utafiti mkubwa zaidi wa Marekani, wagonjwa zaidi ya 2,300: vifo vya siku 28 karibu sawasawa, na upande wa ketamini ndio presha zilizoporomoka zaidi wakati wa mrija.

Kwa hivyo anayekwambia etomideti ni sumu anatia chumvi, na anayekwambia ketamini haishushi presha hajakutana na mgonjwa aliyechoka kabisa. Ketamini huinua presha kwa kuukamua mwili adrenalini yake. Mwili ulioishiwa, hauna cha kukamuliwa, na hapo unabaki na athari yake nyingine ya kuulegeza moyo. Ndiyo maana hatua ya 1 iko kabla ya hii.

Etomideti naiachia nafasi finyu: mgonjwa ambaye moyo wake ndio tatizo, hana maambukizi, hana historia ya steroidi, na hatavumilia mapigo kupandishwa. Mtu wa mshtuko wa moyo aliyejaa maji mapafuni, kwa mfano. Hapo deni naliona linalipika.

Propofoli haigusi adrenali kwa namna hii ila presha inaiangusha vibaya. Kwa mgonjwa wa shoki iache, au mpe robo robo. Thiopentoni ni hivyo hivyo. Midazolamu peke yake inachelewa kushika, na anayeisukuma kwa pupa huishia na presha ya 60.

Kuna wanaouliza kama haitatoka etomideti isiyogusa homoni. Imejaribiwa. Kundi la Douglas Raines, Massachusetts General Hospital kule Boston, lilitengeneza ndugu zake kadhaa kuanzia 2009: mmoja unavunjwa haraka na vimeng'enya vya mwili kabla haujakaa sana kwenye tezi, mwingine uling'olewa ile naitrojeni inayong'ang'ania chuma. Mjukuu mmoja wa ukoo huo, ABP-700, ulifika hadi kwa watu waliojitolea, wakalala vizuri lakini viungo vikawa vinarukaruka. Kabatini kwetu hakuna hata mmoja, basi tuendelee na tulizonazo.

Hatua ya 4: Vuta dawa kwa utulivu

Chukua mgonjwa wa kilo 60.

Ketamini: dozi ni miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo; akiwa na shoki shuka hadi nusu miligramu kwa kilo, usizidi 1. Soma kichupa kabla ya kuvuta, kwa sababu vya miligramu 10 na vya miligramu 50 kwa mililita huletwa kwenye katoni zinazofanana. Kile cha 50, vuta mililita 2 kisha jaza saline hadi 10. Sasa kila mililita ni miligramu 10. Wa shoki apate mililita 3 hadi 6, na aliye imara 6 hadi 12.

Etomideti, ukiwa umeamua: miligramu 0.3 kwa kilo. Ampuli ya mililita 10 ina miligramu 20, kwa hivyo kilo 60 ni miligramu 18, mililita 9. Inachoma mshipani, na misuli inaweza kurukaruka. Usidhani ni kifafa. Mara moja tu. Mrija ukikataa jaribio la kwanza na mgonjwa akaanza kuamka, dozi ya pili iwe ya dawa nyingine.

Dawa ya kulegeza misuli isipunguzwe kwa sababu ya shoki. Damu ikizunguka polepole dawa inachelewa kufika, basi suksametoni miligramu 1.5 kwa kilo au rokuroni 1.2. Suksametoni usimpe mwenye potasiamu ya juu, wala aliyeungua siku kadhaa zilizopita, wala aliyepooza. Hizi zote mbili ni za friji, nyuzi 2 hadi 8. Miezi ya Kaskazi, stima ikipotea usiku kucha na chumba kiko nyuzi 31, usimeze hadithi ya "friji ilikuwa imefungwa". Andika tarehe kwenye kichupa kila kinapotoka nje. Suksametoni iliyokufa inakupa mgonjwa aliyelala nusu na taya limekaza, na hapo ndipo watu hurudia etomideti.

Kisha jambo ambalo halihusu homoni ila sitaliacha. Rokuroni ya dozi hii inamlegeza mtu zaidi ya dakika 45. Etomideti imekwisha dakika ya kumi. Katikati hapo mgonjwa yuko macho, anasikia kila kitu, hawezi hata kope. Sirinji ya kuendeleza usingizi, midazolamu na mofini au fentanili au propofoli kidogo kidogo, iwe imeshavutwa kabla hujashika laringoskopu. Isiwe etomideti kwa njia yoyote, iwe dripu, iwe "kidogo tu hadi gari la ICU lije".

Hatua ya 5: Saa 48 zinazofuata

Kama hukutumia etomideti na hakuna historia ya steroidi, endelea na uangalizi wa kawaida.

Kama uliitumia, mtu wa ICU anahitaji kutafuta vitu vichache. Presha inayodai noradrenalini zaidi na zaidi bila sababu mpya: hakuna damu inayovuja, hakuna hewa kifuani, antibaiotiki zimeingia. Sukari inayoshuka; ipime kila saa moja au mbili siku ya kwanza, kwa kuwa aliyelazwa hawezi kukwambia ametoka jasho. Sodiamu kushuka na potasiamu kupanda nazo ni dalili, ila kwa saa za mwanzo zinaweza zisionekane, kwa hivyo usijifariji kwa kipimo kimoja kizuri.

Kuhusu kupima kortisoli yenyewe: baadhi ya vipimo vya maabara huichanganya kortisoli na ile malighafi iliyorundikana, vikakupa namba nzuri kuliko hali ya mgonjwa. Ukipata namba ya chini inakuthibitishia. Ukipata ya katikati kwa mtu aliyepewa etomideti jana, mwamini mgonjwa kuliko karatasi. Na matokeo yakiwa yanachukua hadi kesho, tiba haiwezi kukaa foleni kuyangoja.

Hatua ya 6: Haidrokotisoni, kwa nani na kwa nini

Ukisoma hadi hapa utafikiri: basi kila aliyepata etomideti nimpe haidrokotisoni, yaani kortisoli ya sindano, yaishe. Nilifikiri hivyo pia. Wafaransa walijaribu kwa mahututi wasio na shoki ya sepsisi, matokeo yalichapishwa 2012, na hawakuona faida. Kwenye utafiti mkubwa wa Ulaya wa shoki ya sepsisi uliochapishwa 2008, waliokuwa wamepewa etomideti walikufa zaidi, na haidrokotisoni haikuwaokoa na hilo. Kwa hivyo usiipe kama sadaka. Inapandisha sukari, na mji huu una wagonjwa wa sukari kila nyumba ya tatu unayobisha, au ndivyo inavyoonekana ukiwa zamu.

Wanaostahili ni wawili. Wa kwanza ni aliyekuwa kwenye steroidi za muda mrefu, au unayemshuku kwa nguvu: miligramu 100 za mshipa papo hapo, hata kabla ya mrija, kisha 50 kila baada ya saa 6. Huyu hazungumzwi mara mbili, awe alipewa etomideti au ketamini. Wa pili ni wa shoki ya sepsisi ambaye noradrenalini imepanda na haishuki baada ya saa kadhaa. Mwongozo wa kimataifa wa sepsisi wa 2021 unasema miligramu 200 kwa siku, na hauulizi alilazwa kwa dawa gani.

Mzee wangu alikuwa wote wawili kwa pamoja. Alianzishiwa adhuhuri, baada ya simu ile, kwa sababu ya shoki; habari ya prednisoloni tuliipata baadaye. Noradrenalini ilianza kushushwa usiku huo. Siwezi kukuapia ni haidrokotisoni, antibaiotiki nazo zilikuwa zinafanya kazi yake. Ila najua kwamba tungemuuliza mkewe swali la magoti mapema, angeipata akiwa bado mikononi mwangu, saa zipatazo kumi mapema.

Hatua ya 7: Andika, na uandike saa ya mashine

Kipande cha plasta kwenye mrija au kwenye bangili ya mkono. Juu yake vitu vitatu: dawa, kiasi, saa. Halafu mstari huo huo kwenye faili, na tena kwa mdomo unapokabidhi.

Saa ndiyo iliyotukoroga siku ile. Baada ya kuulizwa kwenye simu nilijibu kama navyozungumza nyumbani: "Tulimpa saa nane na dakika arobaini." Mwenzangu, ambaye alikuwa anajaza chati ya Kiingereza, akaandika 8:40. Mgonjwa aliyepewa dawa usiku wa manane akawa kwenye karatasi amepewa asubuhi, dakika ishirini tu kabla ya simu yenyewe, na hakuna aliyeshtuka hadi zamu ya jioni walipokuwa wanahesabu saa ngapi zimebaki tezi ifunguke. Saa sita zimepotea kwa sababu ya tofauti ya saa ya Kiswahili na ya Kizungu, ambayo kila mtoto wa shule anaijua.

Siku hizi kwenye zamu yetu nesi ndiye anayetubana. Mrija ukishafungwa anasimama na kalamu juu ya plasta na kuuliza kwa sauti: "Usingizi gani, ngapi, saa ngapi?" Juzi daktari mgeni akamjibu: "Ketamini, arobaini, saa tisa kasorobo."

"Tisa ya kwetu au ya mashine, daktari?"

Akageuka kuitazama monita, nesi akaandika: KETAMINI mg 40, 02:45.